Shajara: kufufua maboksi ya faiba Mwanza, tukianzia kwenye chipu

Hapa Mwanza maboksi ya faiba ya majumbani, yale yanayogeuza mwanga wa faiba kuwa intaneti ya nyumbani, yanatupwa mengi kuliko inavyostahili. Radi inapiga usiku kutoka ziwani, asubuhi taa nyekundu inawaka, mteja anapewa boksi jipya, na la zamani linatiwa kwenye kiroba au linakwenda kwa wauza vyuma chakavu. Ndani ya kila boksi kuna chipu moja kubwa, na kwa tunayoyaona karakanani, chipu hiyo ndiyo huwa ya mwisho kufa. Mradi huu ni wa kuyapima maboksi hayo, kuyatengeneza yanayotengenezeka na kuyarudisha kazini. Naandika hatua kwa hatua ili fundi wa Musoma, Bukoba au Geita anayetaka kuanza asiingie gharama ambazo sisi tumeshaziingia.

Mambo mawili kwanza. Boksi kwa kawaida ni mali ya mtoa huduma, si ya mteja, kwa hiyo tunafanya kazi kwa makubaliano ya maandishi na mtoa huduma mmoja wa hapa mjini. Mtambo wetu wa majaribio haujaungwa na intaneti hata kidogo. Kuuza intaneti kunataka leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na hiyo ni kazi nyingine. Pili, namba ya utambulisho ya boksi hatuigusi. Zile herufi nne za mwanzo, mfano HWTC kwa Huawei au ZTEG kwa ZTE, na tarakimu nane zinazofuata ndizo mtandao unazomtambulia mteja. Kuzighushi ni wizi, na anayetaka kujifunza hilo hatalipata hapa.

8 Februari 2025: kusoma chipu

Kiroba cha kwanza kimefunguliwa. Tumeyapanga maboksi kwa chipu, si kwa jina lililoandikwa juu ya mfuniko, kwa sababu mifuniko miwili yenye majina tofauti mara nyingi imefunika bodi zenye chipu ile ile. Skrubu hujificha chini ya stika au chini ya miguu ya mpira. Ukishafungua, ng'oa bati la kupoza taratibu baada ya kulipasha moto kidogo, futa gundi kwa spiriti, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Maandishi yasiyoonekana ukitazama kutoka juu yanajitokeza yenyewe.

Zilizojaa zaidi kwenye kiroba hiki ni za Realtek ya Taiwan, kampuni iliyoanza mwaka 1987. Utaitambua kwa alama ya kaa iliyochongwa juu ya chipu, na chini yake namba kama RTL9602C. Nyingine ni za HiSilicon, ambayo ni ya Huawei, na za ZTE zinazoanza na ZX. Maboksi machache ya zamani yana chipu za Lantiq na Broadcom.

Ukitafuta maelezo ya chipu hizi utahitaji kujua nani alimnunua nani, la sivyo utazunguka bure. Lantiq ilitoka kwenye kampuni ya Infineon ya Ujerumani mwaka 2009, Intel ikainunua mwaka 2015, na mwaka 2020 MaxLinear ya Carlsbad, California, ikakinunua kitengo hicho cha Intel kwa dola milioni 150. Chipu ni ile ile, lakini karatasi zake zimetawanyika chini ya majina matatu. Passave ya Israel, waliokuwa mstari wa mbele katika chipu za EPON (aina mojawapo ya mtandao wa faiba), walinunuliwa na PMC-Sierra mwaka 2006. PMC-Sierra ikaenda Microsemi mwaka 2016, na Microsemi ikaenda Microchip mwaka 2018. BroadLight nayo ilimezwa na Broadcom mwaka 2012. Kila kampuni inaponunuliwa kuna bidhaa zinazoachwa bila programu mpya, na maboksi hayo ndiyo yanayotufikia sisi. Kwa hiyo tunaandika jina la chipu kwenye stika ya kila boksi kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Jambo moja ambalo fundi anayetoka kwenye simu na redio hulikosa: chipu hii haioni mwanga. Mtandao wa GPON, aina ya mtandao wa faiba tunayoshughulika nayo hapa, hushusha data kwa mwanga wa nanomita 1490 na kupandisha kwa nanomita 1310, na silikoni huacha kuhisi mwanga karibu na nanomita 1100. Ndiyo maana kamera ya simu haikuonyeshi kitu ukiielekeza kwenye mdomo wa faiba, na usithubutu kuchungulia kwa jicho. Kazi ya kuona na kuwaka inafanywa na kikopo kidogo cha chuma pembeni mwa bodi, ambacho mafundi wanakiita BOSA. Ndani yake leza na kipokezi vimetengenezwa kwa madini mengine, si silikoni. Chipu inaweza kuwa nzima kabisa huku kikopo kimekufa, au kinyume chake.

1 Machi 2025: mtambo wa mezani

Tumenunua OLT (mashine ya upande wa mtoa huduma inayozungumza na maboksi yote) ya mtumba yenye mlango mmoja wa GPON kwa TSh 520,000, splita ya njia nane (kigawa mwanga) TSh 18,000, mita ya mwanga TSh 75,000 na kalamu ya leza nyekundu TSh 35,000. Kisu cha kukatia faiba tumeazima.

Siku ya kwanza mtambo haukutulia. Maboksi mazima tuliyopewa na mtoa huduma kwa ajili ya kulinganisha yalikuwa yanajiandikisha, yanadondoka, yanajiandikisha tena. Programu ya OLT ilishukiwa, adapta zikabadilishwa, waya zikafutwa. Tatizo lilikuwa mwanga kuzidi. OLT ilikuwa inatoa desibeli +3.2 (dBm; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, mwanga ni hafifu zaidi), splita ya njia nane inakula kama 10.6, kwa hiyo kila boksi lilipokea -7.4. Boksi la daraja la B+, kiwango cha nguvu ya mwanga cha vifaa vyetu, linastahimili mpaka -8 upande wa juu, na upande wa chini linafika -27. Huko mtaani kilomita za waya na splita za njia 32 hupunguza mwanga zenyewe, lakini mezani waya una mita mbili tu. Kiwango hicho cha B+ kinataka upotevu usiopungua desibeli 13 na usiozidi 28 kati ya pande mbili.

Tiba yake ni kipunguza mwanga cha desibeli 10, TSh 12,000. Kiweke kati ya OLT na splita, si kwenye kila tawi. Kimoja kinatosha kwa maboksi yote, na kinaulinda pia upande wa OLT dhidi ya leza za maboksi. Sasa kila tawi linasoma kati ya -17 na -18, na maboksi mazima yamekaa wiki nzima bila kudondoka.

22 Machi 2025: uchafu

Sehemu kubwa ya maboksi yaliyoandikwa "halioni mwanga" yaliona mwanga baada ya kusafishwa mdomo. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku huingia kupitia matundu ya kupozea, wanafia ndani na kuvuta unyevu. Kalamu ya kusafishia konekta inauzwa TSh 30,000 na hurudisha fedha yake upesi.

Angalia pia rangi. Konekta ya kijani imekatwa mshazari wa nyuzi 8, ya bluu imekatwa bapa. Ukiichomeka ya kijani kwenye mdomo wa bluu inaingia vizuri kabisa, lakini vioo havigusani sawasawa na mwanga mwingi unarudi ulikotoka. Tumekuta nyumba yenye boksi zima na waya mzima, kasoro ilikuwa ni kipande cha waya wa ukutani kilichonunuliwa dukani kwa rangi isiyo yake.

12 Aprili 2025: radi na umeme

Masika yameanza na viroba vinakuja vizito. Faiba yenyewe ni kioo, haipitishi umeme, lakini waya unaoshuka kutoka nguzoni kwenda nyumbani mara nyingi una uzi wa chuma wa kuubebea uzito. Milimani kwetu, Mabatini na Isamilo, huwezi kuchimba mtaro kwenye miamba, kila kitu kinapita juu, na uzi huo unaleta umeme wa radi mpaka mlangoni. Waya wenye uzi wa plastiki ngumu badala ya chuma upo sokoni. Tumemwandikia mtoa huduma kumwomba autumie kwa wateja wa milimani.

Mpangilio wa uharibifu unajirudia: adapta kwanza, kisha sehemu ya bodi inayoshusha volti 12, kisha milango ya LAN, ile ya kuchomeka waya wa kompyuta. Adapta ni TSh 8,000. Kishusha volti kinapatikana kwenye bodi zilizokufa, kwa hiyo hakina gharama zaidi ya muda. Mlango wa LAN ni habari nyingine. Kwenye chipu nyingi za sasa mzunguko wa mlango huo umo ndani ya chipu kuu yenyewe. Ukiungua huna cha kubadilisha. Mara nyingi unaungua mlango mmoja tu, ule uliochomekwa waya mrefu wa kwenda nyumba ya pili, na sehemu iliyobaki ya chipu inaendelea kufanya kazi.

Mama mmoja wa Igogo alileta la kwake mkononi, limefungwa kwenye kanga.

"Mwanangu, wameniambia hili ni la kutupa."

"Shikamoo mama. Mlango wa kwanza ndio umeungua. Wa pili na Wi-Fi ni vizima. Tutauziba huo wa kwanza na litarudi kwako kupitia kwa wenyewe."

Tunaubandika mlango mbovu stika na kuuandika kwenye rekodi. Boksi lenye mlango mmoja uliokufa linamtosha mteja anayetumia Wi-Fi tu, mradi aambiwe.

7 Juni 2025: kubadilisha BOSA, hatua iliyoshindikana

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mtandaoni kazi hii inaonyeshwa kana kwamba ni ya kuchomelea tu.

Tulikuwa na maboksi yenye chipu nzima na leza iliyokufa. Vikopo vipya tuliagiza kupitia Kariakoo, TSh 15,000 kila kimoja. Kukitoa cha zamani na kukichomelea kipya si kazi ngumu ukiwa na mkono uliotulia na kamba ya kuzuia umeme tuli. Maboksi yakajiandikisha asubuhi, tukafurahi. Kufika saa nane mchana, bati la karakana likiwa limeshapata joto, yakadondoka moja baada ya jingine. Jioni yakarudi.

Kwanza tulipima leza kwa mita ya kawaida, na mita hiyo haifai kwa kazi hii. Boksi la GPON haliwashi leza muda wote, linawaka kwa vipindi vifupi sana linapopewa zamu, na mita ya kawaida inakupa wastani. Wastani huo huonekana dhaifu hata leza ikiwa nzima. Kipimo cha kuaminika ni kile OLT inachokisoma yenyewe kwa kila boksi. Asubuhi OLT ilisoma -19. Mchana boksi lile lile lilikuwa limeshuka chini ya -28, ambayo ndiyo mwisho wa OLT ya daraja hili kusikia.

Sababu ni hii. Leza ikipata joto inahitaji mkondo mkubwa zaidi ili itoe mwanga ule ule. Kwenye bodi hizi chipu huangalia jedwali lililoandikwa kiwandani: kwa joto hili toa mkondo huu, kwa joto lile toa ule. Jedwali liliandikwa kwa ajili ya kikopo kile kilichotoka na bodi, baada ya kupimwa nacho. Kikopo kipya kina tabia yake, lakini chipu inaendelea kukilisha kwa jedwali la marehemu. Upande wa kupokea nao una jambo hilo hilo, maana volti ya kipokezi pia hufuata joto.

Kuliandika upya jedwali kunahitaji kifaa cha kupimia mwanga wa vipindi, kabati la joto, na programu ambayo watengeneza chipu huwapa viwanda peke yake. Tumejaribu kunakili jedwali kutoka boksi jingine la aina ile ile. Moja lilitulia, mengine hayakutulia, na boksi lililotulia kwa bahati siwezi kumpelekea mtu nyumbani kwake. Tumesimamisha hatua hii. TSh 90,000 za vikopo zimekwenda. Boksi lenye leza iliyokufa sasa linageuzwa vipuri: adapta, kapasita, vishusha volti, mifuniko. Ukisikia fundi anabadilisha BOSA kwa nusu saa na kukabidhi, mwombe akuonyeshe usomaji wa OLT wa saa nane mchana.

16 Agosti 2025: boksi lisilonyamaza

Hii ndiyo hitilafu iliyonitisha kuliko zote mpaka hapa mradi huu ulipofika, kwa sababu ingetoka karakanani ingezima mtaa.

Boksi moja lililotengenezwa upande wa umeme lilichomekwa kwenye splita pamoja na mengine ya majaribio. Likawasha taa zake vizuri. Dakika ile ile maboksi mengine yote yakaanza kupepesa taa ya PON, ile ya mawasiliano na OLT, na kudondoka. OLT ikaandika hitilafu kwa kila mmoja isipokuwa mwenye kosa.

Kwenye GPON maboksi yote ya mlango mmoja wa OLT yanatumia uzi mmoja kurudisha data, kwa hiyo hayaruhusiwi kusema pamoja. OLT inagawa zamu ndani ya fremu za mikrosekunde 125, na kila boksi linawasha leza kwenye zamu yake tu, kama magari yalivyokuwa yakipangiwa zamu ya kuingia kivukoni Kigongo kabla ya daraja kufunguliwa. Mwanga hutumia kama mikrosekunde 5 kwa kila kilomita ya faiba, kwa hiyo chipu ya boksi la karibu inaambiwa isubiri kidogo ili zamu za walio mbali na walio karibu zisigongane. Leza moja ikibaki imewaka, hesabu yote hiyo inaharibika na OLT haisikii mtu.

Kulipata ni kuchomoa tawi moja moja kwenye splita mpaka mengine yarudi. Kulithibitisha ni rahisi zaidi, na hapa mita ya kawaida inafaa kabisa. Boksi ambalo halijapokea mwanga wowote kutoka OLT halitakiwi kutoa mwanga. Kwa hiyo lichomeke moja kwa moja kwenye mita iliyowekwa nanomita 1310, liwashe, subiri. Boksi zima linasoma giza. Hili lilisoma +1.8, imetulia, haipepesuki.

Chini ya lensi tukafuata njia inayotoka kwenye chipu kuu kwenda kwenye kiendeshi cha leza. Kuna mstari mmoja ambao kazi yake ni kusema "washa" na "zima". Katikati yake kuna rizista yenye urefu wa milimita moja, na mguu wake mmoja ulikuwa umemea kutu ya kijani ya shaba. Karibu yake kulikuwa na bawa la mdudu limegandia kwenye bodi. Chipu ilikuwa inasema "zima" sawasawa. Amri haikuwa inafika, na kiendeshi kilipokosa amri kilibaki kimewaka. Ndiyo maana hata OLT ikituma agizo la kulinyamazisha boksi la namna hii halisaidii: agizo linapokelewa na chipu, linaeleweka, na linakwama kwenye rizista. Baadhi ya bodi zina mstari wa pili unaokata umeme wa leza kabisa. Hii haikuwa nao.

Tumesafisha kwa spiriti na brashi laini, tukabadilisha rizista kutoka bodi ya vipuri, tukapaka vanishi ya kuzuia unyevu sehemu ile. Mita ikasoma giza. Gharama ya vifaa ni karibu na sifuri.

Kuanzia leo hakuna boksi linalotoka bila kupita kipimo hiki: saa moja kwenye mita bila mwanga wa OLT, kwanza likiwa baridi, kisha likiwa limepashwa joto chini ya taa. Huko nje mlango mmoja wa OLT una nyumba 32 au 64. Mteja tunayemrudishia intaneti asiwe ndiye anayewakatia majirani zake.

4 Oktoba 2025: ujumbe wa kukata roho

Mafundi wa zamu wa mtoa huduma wameleta malalamiko ya haki. Umeme ukikatika Isamilo, maboksi yaliyotoka kwetu yanaonekana kwenye mfumo wao kama waya umekatika, na watu wanapandishwa mlimani usiku na ngazi kutafuta mkato usiokuwepo.

Boksi likikosa umeme linatakiwa kutuma ujumbe mfupi wa mwisho kabla ya kuzimika, ili OLT ijue kwamba tatizo ni umeme na si faiba. Chipu inafanya hivyo kwa akiba iliyobaki kwenye kapasita kubwa ya upande wa volti 12, ndani ya muda mfupi sana. Kapasita za kiwandani kwenye bodi hizi ni mikrofaradi 1000. Zilizokuwa zimevimba tulikuwa tunazibadilisha kwa za 470, kwa sababu ndizo zilizopatikana sokoni Makoroboi hapa mjini na boksi liliwaka bila shida. Akiba hiyo haitoshi Wi-Fi ikiwa inafanya kazi. Chipu inazimika kabla ya kumaliza kutuma.

Tumeyaita maboksi yote yenye kapasita ndogo na tunayarudishia za 1000 za volti 25, TSh 1,000 kila moja, zikitoka Dar kwa basi. Kipimo chake: washa boksi, unganisha simu ipakue faili kubwa kwa Wi-Fi, chomoa umeme ghafla, soma OLT. Ikiandika kwamba umeme umekatika, limepita. Ikiandika kwamba mwanga umepotea, lirudi mezani. Usipime Wi-Fi ikiwa imezimwa, litapita hata lenye kapasita mbovu.

Viroba vya karibuni vimeanza kuwa na maboksi ya XGS-PON, yale ya gigabiti 10. Hayo hushusha kwa nanomita 1577 na kupandisha kwa 1270, na OLT yetu haiyatambui. Tumeyasoma chipu, tumeyabandika stika, na yatakaa rafuni mpaka tupate OLT ya kuazima na mita inayofaa.